Mashimo ya Mteremkoni

Kisima kilikuwa kimebaki tope. Kunegunda alishuka ndani, akatanua miguu ukingo hadi ukingo, akakwangua chini kwa kikombe cha bati. Akamimina kwenye ndoo, akangoja maji yachuruzike tena, akakwangua. Tangu kiwanda cha maji ya chupa kichimbe kisima kirefu chini ya mlima Matogoro, ndoo moja ilimmalizia asubuhi nzima.

Alipolalamika, Fransisko, afisa wa maji, alimjibu kwamba maji ya kiwanda yako chini kabisa, mwambani, wala hayahusiani na yake.

"Wewe unakunywa ya juu, wao ya chini. Wivu wa nini, mama?"

Kwa hiyo Sabra, mtafiti, alipofika na vichupa vyake, Kunegunda alimpokea kama ndugu. Binti huyo alimweleza kwamba maji hubeba alama ya mvua iliyoyaleta. Mvua ya mlimani ni nyepesi kidogo kuliko ya bondeni, na mashine huiona tofauti hiyo. Alimwachia dumu la kukinga mvua, ndani limetiwa mafuta kidogo ili maji yasikaushwe na jua.

"Yakipungua, mama, alama inaharibika."

"Hayatapungua, mwanangu."

Msimu mzima alililinda kuliko kuku wake. Lilikaa katikati ya shamba, mteremkoni, alikolima ngolo kama wanavyolima kwao Mbinga: mashimo safu kwa safu, nyasi zimefukiwa kwenye kingo, maharage yameota juu yake. Mvua iliingia mashimoni, ikatulia, ikazama.

Sabra alirudi anatabasamu. "Ni maji yale yale, mama. Yako na ya kiwanda. Yote yanaingia ardhini huku juu, msituni na hapa shambani kwako."

Kunegunda alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa Fransisko atasemaje?"

"Ripoti anayo."

Fransisko alikuja na vibarua wa kiwanda, wanasukuma toroli lenye miche ya mikaratusi. Siku hiyo alikuwa mpole. Aliamkia.

"Ulisema kweli, mama. Maji ni yale yale."

"Basi zimeni pampu."

"Pampu ina kibali. Ila chanzo chenyewe ni hapa unapolima, na kwenye chanzo hakulimwi. Kiwanda kimejitolea kutoa miti."

"Mikaratusi inakunywa kuliko ng'ombe, baba."

"Imeshapitishwa."

"Mwite Sabra aseme."

"Amesharudi chuoni. Na mvua iliyopimwa si uliikinga wewe?"

Kibarua mmoja alicheka, akageukia pembeni.

"Maharage yana maua," Kunegunda alisema.

Fransisko aliyatazama. "Sawazisha mashimo mwenyewe, tukuachie safu za chini uvune. Ukikataa, hawa watasawazisha yote leo."

Kunegunda alikwenda kuchukua jembe. Alibomoa ukingo wa kwanza, udongo na maua yake vikaangukia shimoni, akashindilia kwa mguu. Akaenda wa pili. Vibarua walimfuata nyuma wakipanda.

Mvua ilinyesha kabla hajafika nusu. Kwenye sehemu iliyosawazishwa, maji hayakusimama. Yaliteremka mekundu, yakang'oa miche miwili mitatu, yakapita ubavuni mwa uzio wa kiwanda na kuingia barabara ya kwenda mjini.

"Malizia, mama," Fransisko alisema chini ya mwavuli. "Tunakusubiri wewe."

Shimo lililofuata lilikuwa limeanza kujaa. Kunegunda aliinama, akavuta udongo juu ya maji.