Kaa Waliokunywa Maji ya Mto

Kaa mfalme akifa kabla ya kufika kiwandani ni takataka, hakuna anayemnunua. Hapa Unalaska, kisiwa cha wavuvi huko Alaska, hata mtoto analijua hilo. Nami nililijua vizuri, tena sana.

Kwa siku sita tuliinua mitego ya chuma na kupima kila kaa. Majike na wadogo tukawarudisha baharini. Madume wakubwa tuliwatia kwenye tangi la meli yetu, pampu ikiwamiminia maji ya bahari bila kusimama. Tuliporudi ghubani, kiwandani kulikuwa na foleni ya meli. Wenzangu wakalala fofofo. Hapo nikamwomba Nahodha Agafon asogee mwisho wa ghuba, kwa mama yangu. Mama alikuwa mahututi.

"Fevronia, pale mto unamwaga, na mvua yote hii!" alisema. "Pampu itavuta maji ya mto yasiyo na chumvi, kaa watatufia." Akanitazama kidogo. "Haya, saa moja tu, binti yangu."

Nilimkuta mama amelala. Saa moja ikapita, miguu ikakataa kuondoka. Nilikaa saa tano, mpaka alipofumbua macho. Agafon alinisubiri.

Zamu yetu ilipofika, wafanyakazi wa kiwanda waliwatoa kaa mmoja mmoja. Aliyechezesha miguu alipelekwa kukatwa, kuchemshwa na kugandishwa. Aliyelegea alitupwa pipani. Pipa likajaa, likaletwa la pili.

Zosim, baharia mwenzangu, akamvaa nahodha. "Miaka thelathini baharini, mzee, halafu unawanywesha kaa maji ya mto? Hata bibi yangu hafanyi hivyo! Jasho letu lote hilo!"

"Nilipitiwa," alisema Agafon. "Uzee huu. Nilaumu mimi."

Hakunitazama hata kidogo. Tenda wema uende zako, husema watu; yeye wema wake ulikuwa umemponza, nami nimesimama kimya kama gogo. Niliona aibu.

"Mwache mzee, Zosim!" nikasema. "Ni mimi. Alinipa saa moja nikamwone mama, nikakaa tano. Nitukane mimi."

Zosim akaokota kaa aliyelegea, akamtupa pipani mwenyewe.

"Mama alikutambua?" aliuliza.

"Alinitambua. Akaniita kwa jina."

"Wangu alikufa nikiwa kule baharini, napima kaa," alisema, akainama kuokota mwingine.