Kipa wa Pili wa Wexcombe

Kwa miaka mitatu Alden Averill alikuwa mfungua mlango. Ndiyo kazi ya kipa wa pili katika hoki ya barafu: huketi mwisho wa benchi amevaa ngao zote za mchezo, na wenzake wanaporudi wakihema huwafungulia, kisha huwafungia walioingia. Kisahani cheusi kinachopiganiwa na magongo kumi hupita mbele yake mchana kutwa bila kumgusa. Alden aliyavumilia hayo kwa adabu, kwa sababu zamu yake ilijulikana. Mwaka wa mwisho wa masomo, goli la Shule ya Wexcombe lingekuwa lake, kama lilivyokuwa la babu yake, Mzee Josiah Averill, ambaye picha yake ilikuwa ingali ukutani katika ukumbi wa chakula.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwezi wa Novemba akaja mgeni, na mwenyeji akaugua.

Mgeni huyo aliitwa Mathis Bouffard. Alikuwa amekwisha kuhitimu shule kwao Quebec, upande wa Kanada unaosema Kifaransa, akaja Wexcombe kurudia mwaka mmoja, kama shule za bweni za New Hampshire zipendavyo zinapohitaji kijana mwenye mabega mapana. Siku ya kwanza ya majaribio alidaka mashuti arobaini, akaachia mawili, kisha akawaomba radhi mabeki kwa yale mawili. Kocha Penhallow alitoa daftari lake. Aliandika kidogo, akalifunga. Alden, aliyekuwa akimtazama kocha kuliko kisahani, alijua kilichoandikwa.

Timu ikaanza kushinda. Kila Jumatano na kila Jumamosi, wakiwa wamevaa koti na tai ndani ya basi, vijana wa Wexcombe walikwenda kwenye viwanja vya wenzao na kurudi na ushindi, wakila mikate ya nyama ya bata mzinga na kuimba. Kufikia katikati ya Februari walikuwa wamepoteza mechi mbili tu. Alden aliimba pamoja nao. Hakuna aliyejua kwamba katika kila mechi aliomba kimoyomoyo bao moja tu liingie, bao la aibu, linalopita katikati ya miguu.

Hasidi hana sababu, husemwa. Alden alikuwa nazo tele. Wapishi walimwongezea Mathis viazi. Vijana wa mwaka wa kwanza walifunga utepe kwenye magongo yao kwa mtindo wake. Hata mlio wa kisahani kikitua ndani ya glavu yake ulikuwa mwingine, mzito na mkavu, kama kitabu kizuri kinapofungwa. Na lililomchoma zaidi ni kwamba Mathis alikuwa mtu mwema. Jioni alimletea Alden insha zake zisahihishwe.

"Kaka, nitazamie hapa," alisema. "Mwalimu anasema naandika kama mtu anayeteremka ngazi gizani."

"Anakupendelea. Unaandika kama aliyekwisha kuanguka."

Mathis alicheka mpaka akashika mbavu, na Alden akamwonea wivu hata kicheko hicho.

Palibaki tumaini moja. Kwa desturi ya Wexcombe, mechi ya mwisho ya nyumbani huanzwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, hata kama hawakucheza msimu mzima, na wazazi wao hupita nao juu ya zulia lililotandikwa barafuni. Mwaka huu mechi hiyo ilikuwa dhidi ya Marlhurst, mahasimu wao wa miaka mia moja. Alden alimwandikia babu yake huko Maine: Njoo Jumamosi ya mwisho ya Februari, nitaanza. Mzee akajibu kwa mwandiko wake ulionyooka: Nitakuja.

Siku ya Alhamisi Kocha Penhallow alibandika majina. Kipa: Bouffard.

Alden alimfuata ofisini. "Kocha, desturi inasema ni wa mwaka wa mwisho."

"Bouffard naye ni wa mwaka wa mwisho."

"Amefika Novemba, Kocha!"

"Na atahitimu Mei, kama wewe. Averill, tukishinda tunaingia mashindano ya majimbo yote ya New England. Sitaligawa goli kwa ajili ya picha za wazazi."

Alden hakumpigia babu yake simu. Aliona haya, na haya ikamnyima ulimi.

Jumamosi ikafika. Mzee Averill aliketi safu ya tatu, amenyooka kama mlingoti, kofia magotini. Baada ya kupasha misuli moto, vijana walirudi vyumbani kungoja wazazi wapangwe. Njia yote ya wachezaji imefunikwa mikeka ya mpira, kwa maana chuma cha kiatu cha barafuni kikigusa saruji hupoteza makali. Mtoto wa miaka mitano wa nchi ile hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini mama yake Mathis alikuwa ameendesha gari saa sita kupita theluji, hawajaonana tangu Krismasi, na sasa alisimama karibu na mlango wa nje, akipunga mkono. Mathis alimwona, akapiga kelele ya furaha, akatoka kwenye mkeka. Hatua nne, tano, juu ya saruji tupu iliyojaa mchanga ulioletwa na viatu vya wageni kutoka barabarani.

Alden aliusikia ule mkwaruzo. Ulimwingia menoni. Mashine ya kunolea ilikuwa chumba cha pili, na dakika kumi zilikuwa zimebaki. Dakika nne zingetosha.

Alikaza kamba za ngao yake, akanyamaza.

Bao la kwanza liliingia dakika ya tatu. Mathis alijisukuma kwenda kushoto, mguu wa kulia ukateleza, akabaki amepiga magoti mahali pasipo na mtu. La pili lilikuja vilevile. Mchezo uliposimama alikwenda benchini.

"Kocha, mguu wangu unateleza."

"Wa kila mtu unateleza, Bouffard. Hii ni barafu."

Benchi likacheka. Kila mmoja alijua kanuni ya Kocha Penhallow: mchezaji halaumu vifaa. Mathis akainamisha kichwa, akarudi golini, akafungwa la tatu. Mashabiki wa Marlhurst wakaanza kuimba jina lake kwa kuliburuza, "Buuu-faaa," na mama yake, asiyejua dhihaka hiyo, akapiga makofi pamoja nao.

"Averill," alisema kocha. "Ingia."

Alden alicheza siku hiyo kama hajawahi kucheza. Miaka mitatu ya kungoja ilimtoka mikononi. Alidaka kwa glavu, kwa gongo, kwa bega. Mara moja alidaka kwa barakoa, na uwanja mzima ukasimama. Hakupitwa kipindi hicho wala cha pili kati ya vitatu vya mchezo huo, na Wexcombe wakarudisha mabao mawili. Kengele ya mapumziko ya pili ilipolia, Mzee Averill alisimama, akavaa kofia, kisha akamvulia mjukuu wake kofia hiyo mbele ya watu, yeye asiyemvulia kofia hata gavana.

Alden alilingoja jambo hilo tangu utoto. Lilipofika halikuwa na ladha.

Katika chumba cha kubadilishia, Mathis alimletea maji. "Namba tisa wao anapiga juu, upande wa glavu," alinong'ona. "Usimwahi. Mngoje, atainamisha bega kwanza. Unacheza vizuri mno, kaka. Nina furaha."

Alden akamtazama usoni akitafuta uongo, akautafuta kwa bidii, kwa kuwa ungemponya. Haukuwapo. Hata wema huu alimwonea wivu: huyu jamaa alikuwa nao bure, naye Alden angeulipia kwa kila alichokuwa nacho.

Aliinama, akaushika mguu wa Mathis, akapitisha ukucha juu ya chuma cha kiatu. Chuma kizima huparua ukucha. Hiki hakikuparua kitu.

"Ni mchanga," alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Ulikanyaga saruji ulipomwendea mama yako. Nilikuona. Nikanyamaza."

Nahodha wao, Prescott Gage, akatupa glavu chini. "Wewe? Umetuuza?"

"Kaa chini, Gage," alisema Kocha Penhallow. Alimgeukia Alden. "Ulijua kabla ya mechi?"

"Nilijua, Kocha."

"Mpelekeni Bouffard kwenye mashine. Wewe, vua barakoa."

"Kocha, huyu hajapitwa hata mara moja!" alisema Gage. Hasira yake ilikuwa imepata njia mbili, na hakujua ashike ipi.

"Nimesema avue."

Kipindi cha tatu Alden aliketi mwisho wa benchi, na hakuna aliyemsemesha. Wexcombe wakasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika nne, namba tisa wa Marlhurst akainamisha bega, akapiga chini badala ya juu, na bao la nne likapita chini ya gongo la Mathis. Mechi ikaisha nne kwa tatu, na msimu ukaisha nayo.

Mzee Averill alikuwa akingoja nje penye magari, theluji ikimwangukia mabegani.

"Kwa nini ulitolewa?"

Alden alimweleza yote, pamoja na barua na simu ambayo hakuipiga. Alipomaliza, mzee alijipangusa theluji taratibu.

"Umechelewa vipindi viwili."

"Ndiyo, Babu."

"Yule mama ameendesha saa sita. Amekwisha kusikia?"

"Bado."

"Basi si mimi niliyestahili kuambiwa kwanza. Nenda."

Mama yake Mathis alisimama kando ya gari lake pamoja na mwanawe. Hakujua Kiingereza. Alden akaanza kusema, naye Mathis akatafsiri. Lakini Alden alikuwa amesoma Kifaransa miaka minne, akasikia rafiki yake akisema: Huyu anakushukuru kwa kuja, anasikitika tumefungwa.

Hata hili Mathis alitaka kumfunikia. Alden hakukubali kupewa na hilo. Akalisema upya mwenyewe kwa Kifaransa chake cha darasani, neno baada ya neno: kwamba aliona, kwamba angeweza kusema, kwamba hakusema kwa sababu alimwonea wivu mtoto wake.

Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni, akaingia garini.

Mathis alibaki amesimama, mikono mifukoni. "Lile bao la nne," alisema. "Ungelizuia?"

Adabu ilimtaka aseme la.

"Ningelizuia," alisema Alden.

"Na mimi naona hivyo." Mathis akafungua mlango wa gari. "Leo sikupi mkono. Labda Jumatatu."

"Jumatatu," alisema Alden, akasimama pale mpaka gari lilipotoka.