Buli la Majambazi

Mkuu wa majambazi wa London aliweka bastola mezani, akajimiminia chai. Buli lilikuwa jeupe, la maua, mdomo wake umemeguka kidogo. Mize, aliyeburutwa senema na jirani yake Borafya, hakuijali bastola, alilitazama buli. Ulikuwa mchana wa wanawake, ukumbi umejaa mabuibui na harufu ya asumini, na Kiingereza cha filamu, hata kwa aliyekijua, kilizama katika soga.

Safu tatu mbele aliketi Mwatum, mdogo wake wa tumbo moja. Tangu arobaini ya mama yao hawakusemezana. Marehemu aliacha buli moja la kaure. Mize alilichukua, na Mwatum akaapa hatakanyaga tena mlango wa dada yake. Kesho alikuwa anahamia Pemba na mumewe. Mize, mbishi wa kuzaliwa, alikwisha kujiambia: na aende zake. Kwamba jikoni alilia peke yake, hilo halikumhusu mtu.

Filamu yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa fukara. Gari moja, pazia moja, ukuta mmoja kila nyumba. Inspekta wa polisi aliporudi kwake, mkewe alimtilia chai, na Borafya akaruka kitini.

"Ala! Buli si lile lile?"

"Ndilo," akasema Mize. "Huoni mdomo wake?"

Huenda waliotengeneza filamu hawakuwa na la pili. Lakini nani angefikiri hivyo? Mle ndani walikaa wanawake wenye makabati ya vyombo, na kila mmoja alijua kuwa chombo kimoja hakionekani nyumba mbili bila sababu. Bibi mmoja wa nyuma akakata shauri: "Ndugu hawa, wallahi! Buli la mama yao, wanalitumia kwa zamu."

Neno likapita safu hadi safu, na hakuna aliyelipinga. Mize alihisi uso unawaka. Hata majambazi, subhanallah, wamejua kupeana zamu!

Mwishowe inspekta akamwelekezea jambazi bastola. Kule mbele mtu alisimama, akapaza sauti: "Mwache! Nduguyo huyo!"

Alikuwa Mwatum. Mize hakuwa ameisikia sauti ile mwaka mzima, na sasa moyo ulimuuma kwa kuikosa. Bastola ikalia, na ukumbi mzima ukaangua kilio.

Magharibi haijaadhiniwa, Mize alipiga hodi kwa Mwatum, mtaa wa Mlandege, kifurushi cha kanga kifuani. Mwatum alifungua, macho mekundu, nyuma yake mizigo imekwisha kufungwa.

"Shikamoo, dada," akasema, maana ugomvi hauvunji adabu.

"Marahaba. Zamu yako hii."

Mwatum akaifunua kanga. Alilipapasa buli muda mrefu.

"Pemba mabuli yapo."

"Yapo, najua. Lakini hili lina zamu. Mwezi mmoja, kisha ulirejeshe mwenyewe. Sitaki uniletee kwa mkono wa mtu."

Mwatum akausukuma mlango, ukawa wazi wote.

"Mwezi haba. Miwili."

"Mmoja."

"Miwili, na nikija nnalala kwako."

Mize alivua viatu, akaingia. Walibishana mpaka maji yakachemka, na Mwatum akaanza kufungua upya mizigo yake, akitafuta vikombe.