Sufuria Iliyokataa Kuivisha

Siku ya tatu sufuria ilipokataa kuivisha, mama alivua aproni akaitupa mezani. "Humu ndani kuna mtu ana kinyongo," akasema, "na leo atajulikana."

Sisi kazi yetu ni tamale, vifurushi vya unga vinavyoivishwa kwa mvuke, na ni kazi ya nyumba nzima. Kaka yangu Crescencio anakanda unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe, mkewe Nicanora anaosha maganda ya mahindi, mimi Teófila nafunga, na mama anapanga sufuriani na kuchochea moto. Jioni tunauza mbele ya kanisa. Chini ya sufuria, ndani ya maji, tunaweka sarafu. Maji yakichemka inagonga-gonga. Ikinyamaza, ujue maji yamekwisha. Na hapa kwetu hata mtoto anajua: mwenye hasira akiwemo nyumbani, tamale haziivi hata uchome msitu mzima.

Lakini mimi kilichonitia baridi ni yale maji. Tunajaza, tunafunika, sarafu inagonga mara mbili tatu, kisha kimya. Ukifunua, chini pakavu, na mvuke hatujauona. Wala sufuria haivuji. Crescencio aliijaza uani akaikodolea macho asubuhi nzima, tone halikudondoka.

"Ni huyu!" Mama akamnyooshea Nicanora kidole. "Tangu Jumapili kanuna."

"Mama, mimi naumwa jino!"

"Jino gani? Hilo jino la moyoni."

Basi tukafanya kama desturi ilivyo. Tukafunga maganda kwenye mikono ya sufuria yawe masikio yake, kila mtu akainama akasema lake. Mimi sijui kuficha, nikasema nina hasira na Crescencio, kila siku ananinywea kahawa yangu. Crescencio akasema mama anamgombeza mbele ya wateja. Nicanora akasema mama ameutangazia mtaa mzima kwamba yeye hajui kupika.

"Si kweli hujui?" mama akasema, na sote tukacheka, hata Nicanora na shavu lake lililovimba. Tukasameheana, tukaizunguka sufuria tukicheza. Crescencio akajaza maji upya. Sarafu ikagonga mara mbili, ikanyamaza.

Hakuna aliyecheka tena. Mama akasema polepole, "Nicanora, funga nguo zako. Jua likizama uwe kwa mama yako."

Nicanora akaingia chumbani akatoka na furushi, analia. Crescencio anatazama sakafu, mwanamume mzima! Damu ikanipanda.

"Mama, kuna mtu wa nyumba hii hajaulizwa."

Sote tukakitazama kiti cha baba. Mwaka wa pili huo tangu aondoke kwenda kaskazini kutafuta kazi. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa karibu na jangwa la mpakani. "Nimebeba madumu mawili ya maji," alisema, "yatatosha." Basi, hatukumsikia tena. Mama alikataa katakata picha yake iwekwe pamoja na za marehemu wetu, na kila mlo alimwandalia sahani. Kumuuliza baba lilikuwa jambo zito, kwa sababu sufuria haimsikii aliye mbali. Baba akijibu, basi amesharudi, na mlangoni hakupita: amerudi kama warudivyo marehemu.

"Funga bakuli lako, Teófila. Baba yako yuko kazini."

"Basi muulize. Kama yuko kazini, hatajibu. Au unamfukuza mke wa watu kwa sababu unaogopa?"

Nilidhani atanizaba kofi. Badala yake akajipangusa mikono, akainamia sufuria.

"Eleuterio. Una hasira na sisi?"

Kimya. Tukangoja. Kimya.

"Mmeona?" Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Mmeona? Mume wangu yuko hai!"

"Mama," Nicanora akanong'ona. "Ile glasi."

Kabla ya kufunga tamale huwa tunadondosha kidonge cha unga kwenye glasi ya maji. Kikielea, unga uko tayari. Crescencio alikuwa ameijaza sasa hivi akaiweka mezani, mbele ya kiti cha baba. Hakuna aliyeigusa. Glasi ilikuwa tupu, na kidonge kimelala chini, kikavu, kimepasuka nyufa.

Mama aliitazama mpaka nikaogopa. Kisha akachota maji, jagi zima, akaliweka mbele ya kile kiti.

"Kunywa, baba Crescencio. Taratibu, yapo mengi."

Haki ya Mungu, tuliyaona yakishuka. Mama akajaza tena. La pili likashuka, la tatu likashuka. La nne likabaki pale pale, limejaa pomoni. Crescencio akatia maji sufuriani. Yalipochemka sarafu ikaanza kugonga, ikagonga, haikunyamaza tena, na harufu ya unga unaoiva ikajaa jikoni.

Nicanora akaweka furushi chini. Mama akaenda chumbani akarudi na picha ya baba, ameikumbatia kifuani.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu mume wangu ananiomba maji, na mimi natafuta mwenye hasira."