Siku Dada Alipoacha Kuitwa

Shule nzima ilimwita Dada, walimu kwa wanafunzi. Mdogo wake alikuwa na usonji, na kelele za darasani zilipomzidi aliziba masikio na kupiga mayowe. Hapo mwalimu alituma mtu mbio: "Mwiteni Dada!" Naye aliacha hesabu zake, akaenda kumshika mikono hadi atulie. Hata wakati wa mapumziko walikaa wawili tu.

Muhula huu shule ikafungua chumba cha utulivu kwa watoto kama mdogo wake, chenye mkeka mnene na mapazia mazito. Mdogo mtu akakipenda siku ile ile. Dada hakuitwa tena.

Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akaenda kugonga mlango taratibu. Mwalimu akachungulia.

"Mdogo wako hajambo, mwanangu. Nenda kacheze."

Kwenye upenyo wa mlango alimwona mdogo wake amelala chali, anapanga vifuniko vya chupa tumboni, ametulia tuli. Dada akafurahi. Lakini akacheze na nani?

Akaenda uwanjani, akasimama kando ya wasichana waliokuwa wakiruka kamba. Mikono hakujua aiweke wapi. Mmoja wao akamgeukia.

"Wewe unaitwa nani?"

"Mimi ni dada yake yule wa…"

"Hilo tunalijua. Wewe mwenyewe, jina lako nani?"

Akalitaja kwa sauti ya chini mno, na kwa kuwa uwanja ulijaa kelele, ikabidi alitaje tena.