Mrija wa Mzee wa Kanisa

Bwana afya Gitau aliingia Junju na kufuli tatu, na mbili alikuwa ameshazitumia. Mwaka ule wa themanini na kitu kipindupindu kilikuwa kimebisha hodi, na yeye dawa aliyoijua ni kufunga mangwe zote, vile vilabu vya pombe ya mnazi. Kufuli ya tatu ilikuwa ya Kabibi, mjane aliyesomesha watoto kwa mangwe hiyo hiyo.

"Funga, baba," Kabibi akamwambia. "Lakini hawa watakwenda kunywea vichakani, mrija mmoja watu kumi. Huko nani atawachemshia mirija? Niachie mimi niwatie adabu."

Gitau akampa wiki moja. Kila mtu na mrija wake, uliochemshwa. Akikuta mmoja unapita midomo miwili, anafunga.

Wanaume walinung'unika weee! Tangu zamani mirija ilikuwa ya mangwe, ukimaliza unampokeza mwenzio. Kabibi hakumbembeleza mtu: huna mrija, huna mnazi. Siku ya tatu wote walikuja nayo, wengine wameichomeka kwenye kofia.

Wote ila Karisa. Karisa alikuwa mzee wa kanisa, na kila alasiri alimuaga mkewe Mbeyu kwamba anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Sasa mrija angeupitisha wapi mkewe asiuone? Siku sita alikaa pale akimeza mate.

Siku ya saba uzalendo ukamshinda. Kabibi alitoka na kibuyu, akamwona Gitau anashuka kwenye baiskeli, na Karisa huyo ameshaukamata mrija wa Kombe, jirani yake.  Akilini aliwaona wanawe wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

"Baba Charo."

Ni Mbeyu anamwita mumewe, amesimama mlangoni, na kitambaa cheupe mkononi. "Mrija wako huu. Umeondoka nyumbani bila kuuchukua."

Karisa akauachia wa Kombe upesi. Gitau akafungua kitambaa, akaugeuza mrija huku na huku. "Umechemshwa?"

"Kila asubuhi, wiki nzima," Mbeyu akasema. "Nilikuwa nangoja auombe."

Gitau akairudisha kufuli mfukoni, akapanda baiskeli yake. Kabibi akajikalia chini palepale na kibuyu chake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alhamdulillahi, alisema moyoni, na hata Mwislamu hakuwa.

Mbeyu akamgeukia mumewe. "Na mgonjwa wako, anaendeleaje?"

"Amepona," Karisa akajibu, macho chini.