Gari Limegoma, Daktari Anangoja

Tak.

Mshonaji, binti mkubwa wa nyumba hiyo, aligeuza ufunguo tena, safari hii kwa kuuma meno. Tak. Taa za dashibodi zikazimika zote. Alipoachia ufunguo, zikarudi. Gari la marehemu baba yake lilikuwa limechagua asubuhi hii, kati ya asubuhi zote alizoumba Mungu, kugoma kuwaka.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama yake, mkoba mapajani. Jicho lake la kulia lilishazibwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilimwonyesha watu kama vivuli tu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya upasuaji. Daktari wa macho hafiki pale hospitali ila kwa nadra, na mgonjwa asiyetokea asubuhi anarudishwa mkiani mwa foleni. Mshonaji aliipigania nafasi hiyo tangu mvua za mwaka jana, akaapa kuwa mama hataikosa, liwe liwalo. Na sasa dereva wa teksi, aliyempigia gari lilipogoma mara ya kwanza, alikuwa amezima simu.

"Profesa! We Profesa! Njoo uone ulichokifanya!"

Profesa ni mdogo wake, na jina hilo hakulipata chuoni. Alipewa nyumbani, kwa kuwa hakuna jambo asilolijua na hakuna alilowahi kulimaliza. Alitoka na mswaki mdomoni.

"Nimefanya nini tena, dada?"

"Jana nani alikuwa na gari?"

"Nimelirudisha zima! Labda umeligeuza kwa pupa. Likifanyiwa pupa linanuna."

"Linanuna! Hili ni gari au mkeo?"

Profesa akafungua boneti, akainama, akatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa. "Stata imekufa."

"Ni betri."

"Betri ingekufa, taa zingewaka?"

"Mbona nikigeuza zinazimika?"

Profesa akachukua nyundo. Aligonga stata, ile mota ya kuwashia injini, akagonga na vingine ambavyo havikuwa stata, akaamuru ufunguo ugeuzwe. Tak. Akasema basi wasukume.

"Gari la otomatiki lisukumwe? Uprofesa huo umesomea wapi?"

"Basi fanya wewe unayejua kila kitu! Tangu baba afe umejitawaza. Amri asubuhi, amri jioni, na sisi wengine ni watumishi wako."

"Mama anapofuka, wewe unapiga mswaki! Nisipotoa amri nani atafanya? Wewe?"

Profesa alitupa nyundo chini, ikaruka ikagonga geti. Mswaki ulishamtoka kinywani zamani. "Mbebe mgongoni basi! Na kuanzia leo usiniite ndugu yako. Mimi na wewe, basi!"

Mshonaji alitoka garini. Alitaka kumpiga mtu, na kwa kuwa Profesa alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, aliishika betri akaitikisa kwa hasira zote alizokuwa nazo. Temino, kile kibano kinachoushika waya kwenye kichwa cha betri, ikazunguka mkononi mwake. Ilikuwa imewekwa juujuu tu. Nati yake ilizunguka kwa kidole.

"Imelegezwa," alisema polepole. "Nati haijilegezi."

"Wallahi si mimi."

Wote wawili walimjua mtu mmoja tu mwenye mchezo huo. Baba yao, kwa kuogopa wezi, alikuwa akitoka kila jioni na spana namba kumi, analegeza nati, anaunyanyua waya, kisha anaingia kulala na spana yake chini ya mto. Wakimcheka, anasema mwizi naye atacheka akifika. Lakini baba alikuwa kaburini, na spana haikuonekana tena tangu msiba.

"Tafuta spana," mshonaji alifoka. "Yoyote! Ya baba ingekuwepo..."

"Ipo," mama alisema.

Alifungua mkoba. Akapapasa chini ya kanga aliyokunjiwa kwa ajili ya hospitali, akatoa spana namba kumi, akainyoosha dirishani. Mkono ulikuwa na grisi hadi kwenye kucha.

Hakuna aliyeipokea mara moja.

"Mama," mshonaji alisema kwa ghadhabu. "Umefanya makusudi? Mimi nahangaika mwaka mzima, wewe unanihujumu?"

"Nilitaka siku ipite tu. Sikutaka muuane."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme saa ngapi?" Mama naye sasa alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya zamani kuliko yao. "Mnapanga, mnanivalisha, mnanipakia kama gunia! Nani aliyeniuliza? Baba yenu mlimwambia hivyohivyo, ni jambo dogo, jioni utarudi. Aliingia mle hospitalini kwa miguu yake. Mkaniletea viatu vyake tu."

Profesa aliipokea spana, akaanza kukaza nati. Aliikaza muda mrefu kuliko nati yoyote inavyohitaji.

Mshonaji alifungua mlango wa nyuma, akakaa karibu na mama. Hasira bado alikuwa nayo, ila hakujua tena aielekeze kwa nani. Aliushika ule mkono wenye grisi, na gauni lake safi likachafuka.

"Haya, nakuuliza," alisema, bado kwa ukali. "Unataka kwenda?"

Mama aligeuza uso kuelekea kwenye sauti.

"Kuona nataka," alisema. "Kwenda ndiko sitaki." Akafunga mkoba. "Mwambie Profesa awashe."

Profesa aliketi kwenye usukani, akageuza ufunguo. Gari liliwaka papo hapo, na hapo ndipo wote watatu walipoogopa.